Mwonjaji Asiyenusa

Kwa miaka kumi na minne watu wa kiwanda cha maziwa walimwita Ulimi, na kwa miaka hiyo yote hakuna hata mmoja aliyejua kwamba pua yake ilikuwa imekufa.

Kazi yake ilikuwa kuonja. Kila asubuhi alivaa koti jeupe, akafunga nywele kwa kitambaa, akaketi kwenye chumba kidogo cha vigae, mbele ya meza ya chuma, ndoo ya kutemea ikiwa kando ya goti lake. Aliletewa vikombe kutoka matangi manne ya mtindi. Alipiga funda, akalizungusha mdomoni, akalibana kwenye kaakaa, akalitema, akasukutua kwa maji ya uvuguvugu, akaandika. Maabara walikuwa na mashine zao za kupima uchachu na mafuta, lakini neno la mwisho lilikuwa lake, kwa sababu mashine haijui kama kitu kinanyweka. Aliweza kukuambia mtindi huu umekaa saa moja zaidi, au kwamba ng'ombe wa maziwa haya walikula majani makavu. Uchachu, uzito, chumvi, utamu, hivyo alivimiliki. Ila kwenye karatasi yake palikuwa na mstari wa harufu, na kwenye mstari huo aliandika "nzuri" kila siku, kama mtu anavyoitikia salamu.

Hakuwa mwongo. Pua ilimziba pole pole, mwaka baada ya mwaka, hata akasahau kwamba kuna kitu kinaitwa kunusa. Asubuhi akiamka ilimbidi akae kitandani robo saa akikohoa, mpaka atoe donge zito la rangi ya nta, alitazame kwenye karatasi huku amekunja uso, ndipo siku ianze. Hospitali walimpa matone, wakampa vidonge, akapata nafuu wiki mbili, mambo yakarudi pale pale. Mwili nao ulikuwa umemlemea. Alikuwa akirudi kutoka kazini saa tisa, anakula, analala mpaka jua linazama, anaamka amechoka kuliko alivyolala. Alikoroma hata mumewe, fundi bomba aliyezoea kelele za kila aina, akahamishia godoro sebuleni na kusema kwamba ni kwa ajili ya mgongo wake.

Jambo moja tu lilimpa sifa nyumbani, nalo lilikuwa kubwa. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, alikuwa na kidonda kwenye muundi wa mguu wa kushoto, kidonda cha miaka sita ambacho hakikutaka kufunga. Kila siku kilitakiwa kufunguliwa, kuoshwa na kufungwa upya. Mawifi zake wawili walijaribu, mmoja akatoka mbio ameziba mdomo, mwingine akaanza kuja kutembelea akiwa amesimama mlangoni. Mume mwenyewe alikuwa akisafisha mitaro ya vyoo vya watu bila neno, lakini mguu wa mama yake ulimshinda. Ulimi peke yake ndiye aliyekaa chini, akauweka mguu ule mapajani, akafuta usaha kwa shashi huku akipiga soga na mkwewe kama anayechambua mboga. Ukoo mzima ulisema mwanamke yule ana moyo. Naye aliamini. Kama kuna kitu alichojivunia, zaidi ya ulimi wake, ni huo moyo.

Wifi yake mkubwa, yule wa kusimama mlangoni, ndiye aliyempeleka kwa tabibu. Alikuwa ametibiwa tumbo huko akapona, basi akawa haachi kuhubiri. Ulimi alikubali shingo upande, ili tu apumzishwe masikio.

Chumba cha tabibu kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Tabibu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikavu na misafi sana, aliyesomea Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi, kwa miaka mingi. Hakuwa na haraka. Alimshika kifundo cha mkono, akamwangalia ulimi, akamwuliza kuhusu usingizi, choo, jasho, ndoto, na rangi ya kile anachokitema asubuhi. Ulimi akajibu huku anatazama pembeni. Halafu tabibu akamweleza kwamba mwili unaendeshwa na nguvu tatu. Ya kwanza, vata, ni kama upepo, ndiyo inayotembeza vitu. Ya pili, pitta, ni moto, inapika chakula. Ya tatu ni kapha, ni maji na udongo, inashikamanisha. Kapha ndiyo inayolainisha magoti, inayofunika tumbo kwa ndani lisijichome, inayolowesha ulimi.

"Ikikaa kwenye kipimo chake," alisema, "mtu anakuwa na nguvu, mpole, haogopi kazi ndefu, hasahau jambo. Ikizidi, inakuwa tope. Nzito, baridi, inanata, haiendi mbele wala nyuma. Inakaa kifuani, puani, mafuta yanaongezeka, usingizi hauishi. Wewe, dada, umejaa tope mpaka shingoni."

Hakumaanisha ubaya, alisema kama fundi anavyosema gari limejaa vumbi. Lakini Ulimi alitoka pale roho imemchafuka. Njiani alijiona kama chungu kilichosahauliwa mvuani, ndani maji yamelala, juu utando. Alimeza mate, na yale mate yenyewe, mazito, yakamtia kinyaa.

Masharti yalikuwa mengi ila yalieleweka. Maji ya moto yenye tangawizi badala ya chai ya maziwa. Chakula kikuu mchana, usiku kitu chepesi. Dengu, mboga chungu, manjano, pilipili manga. Aache jibini, ndizi, vitu vya baridi na vya sukari. Asilale mchana hata macho yakimfumba yenyewe. Atembee alfajiri mpaka atoke jasho. Na kwa siku saba mfululizo aende pale akasuguliwe mwili kwa unga mkavu wa dengu, avukizwe, kisha atiwe matone ya mafuta ya dawa puani. Aliuliza ataachaje maziwa na maziwa ndiyo kazi yake. Tabibu akamwuliza kama anameza. Akasema anatema. Basi endelea kutema, akaambiwa.

Siku za matone zilikuwa za kufedhehesha. Alilazwa chali kwenye kitanda cha mbao, kichwa kimening'inia, uso umetiwa mvuke mpaka umevimba, mafuta ya moto yakachuruzika puani na kushuka kooni. Akatakiwa asimeze hata tone, akohoe kila kinachoshuka na kukitema kwenye beseni la bati. Na kilishuka. Siku ya kwanza maji maji tu, siku ya pili nyuzi, siku ya tatu vipande vya kijani kibichi vyenye kingo za kahawia, ambavyo havikufanana na kitu kinachoweza kukaa ndani ya mtu anayekwenda kazini na kusalimia watu. Tabibu aliinamia beseni, akageuza geuza kwa kijiti, akaonekana ameridhika. Ulimi alitazama mara moja, akafumba macho. Alijiuliza amelala na vitu hivyo miaka mingapi, na mumewe akambusu mara ngapi.

Siku ya sita kitu kiliachia nyuma ya macho yake. Hakukisikia kwa sauti, alikisikia kama mlango uliovimba kwa maji unavyokubali kufunguka. Hewa ikaingia, baridi, kali, ikampiga mpaka machozi. Na pamoja na hewa hiyo ikaja harufu ya kwanza aliyoinusa baada ya miaka isiyojulikana, nayo ilikuwa harufu ya lile beseni. Ilinuka maji ya maua yaliyokufa. Alijua inatoka kwake. Akatapika hapo hapo, na tabibu akamshika paji la uso, akasema vizuri, vizuri.

Ungedhani mtu aliyerudishiwa pua angefurahi. Ulimi mwenyewe alitarajia mkate, sabuni, mvua. Vilikuwepo, lakini vilikuwa vichache kuliko alivyodhani, na kati ya kimoja na kingine palikuwa na mengine yote. Ngazi za jengo zilinuka mkojo wa paka. Mtaa ulinuka mfereji. Nyumbani alifungua mlango akasimama, kwa sababu hakuijua nyumba ile. Kitambaa cha vyombo kilinuka samaki. Buti za mumewe zilinuka kile kilichomo kazini kwa mumewe. Aliinua mto wake mwenyewe, akaushika kwa vidole viwili, akaupeleka uani, akaurusha mbali naye.

Na kutoka kwenye chumba cha nyuma, kupitia chini ya mlango, ilikuja harufu nyingine ambayo hakutaka kuifikiria. Siku hiyo aliusingizia mwili wake. Akamwambia mume kwamba dawa zimemchosha, kidonda kilioshwa jana, kitasubiri mpaka kesho.

Asubuhi yake aliondoka mapema kabla mtu hajamwuliza.

Kazini akaketi mbele ya vikombe vinne. Cha kwanza akakinusa kabla ya kuonja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kikamfurahisha kwelikweli. Kilikuwa chachu na safi, kina harufu ya majani yaliyokatwa. Cha pili vile vile. Cha tatu alikiinua, kikafika nusu ya njia, mkono ukasimama wenyewe. Palikuwa na kitu. Kwa juu kilikuwa mtindi, lakini chini yake kulikuwa na harufu ya kitambaa kibichi kilichofichwa pembeni wiki nzima, na chini ya kitambaa hicho tena kulikuwa na kitu kama kwato. Akapiga funda dogo. Ulimi wake ukamwambia ni sawa, kama ulivyomwambia jana na mwaka jana. Pua ikamwambia tema. Akatema, akasukutua mara tatu, akaenda kwenye kabati la sampuli zilizohifadhiwa, akafungua ya wiki iliyopita, ya tangi hilo hilo. Kwato. Ya wiki mbili zilizopita. Kwato.

Akaenda kwa meneja wa uzalishaji, mwanamume mnene aliyependa kuongea huku anatazama saa. Alimsikiliza nusu. Akamkumbusha kwamba maabara hawajaona kasoro, na kwamba yeye mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, ameandika harufu nzuri siku zote hizo. Halafu akasema maneno ambayo Ulimi hakuyasahau.

"Hata kama ipo, watu wameshaizoea. Kuna wateja wanaulizia mtindi wetu kwa ajili ya ladha hiyo hiyo."

Akamtazama meneja, akaona tone dogo jeupe limekauka kwenye kona ya mdomo wake, kwa kuwa naye alikuwa akinywa kikombe kila asubuhi. Akasema hatapitisha tangi la tatu mpaka lifunguliwe. Meneja akasema atafikiria. Ulimi akatoka, akaandika "mbovu" kwenye mstari wa harufu kwa herufi kubwa, akatia sahihi, akaibandika karatasi ile kwenye mlango wa tangi ambako kila mtu angeiona, kisha akamtafuta fundi mitambo.

Fundi alikuwa mtu wa kazi zaidi ya maneno. Alifungua bomba la kutolea, akavuta pete ya raba inayokaa kwenye maungio. Raba ikagoma, akaichokonoa kwa bisibisi, ikatoka na sauti ya kunyonya. Nyuma yake palikuwa na utelezi wa kijivu, mnene kama kidole gumba, umevutika kati ya raba na chuma kama gundi. Harufu ikajaa ukumbi. Fundi, ambaye hajawahi kuonekana akikunja uso kwa lolote, aligeuza kichwa akasema ee Mungu wangu, akaitupa raba ndani ya ndoo. Wafanyakazi wa karibu walirudi nyuma. Maziwa ya miezi, labda ya mwaka, yalikuwa yamejificha pale yakioza, na kila mtindi uliopita uliyalamba ukaenda zake.

Sampuli zao zilikuwa zikichukuliwa juu ya tangi, ndiyo maana maabara hawakuona kitu. Lakini kikombe cha Ulimi kilichotwa bombani. Yeye ndiye aliyekuwa kizuizi cha mwisho. Alisimama juu ya ndoo ile akafikiria vikombe alivyovipitisha. Akafikiria zaidi zile pakiti mbili ambazo kila mfanyakazi hupewa jioni, na jinsi alivyokuwa akizipeleka nyumbani moja kwa moja kwa mkwewe, akikoroga na kumpa kwa kijiko, akimwambia kunywa mama, hii ndiyo ya kwetu.

Tangi lilifungwa siku nne, likasuguliwa, mipira yote ikabadilishwa. Meneja alitangaza kwenye kikao kwamba amegundua tatizo. Hakuna aliyemkosoa, ingawa watu walitazamana. Ulimi hakujali. Kwa wakati huo alikuwa na balaa lake nyumbani.

Maana siku ile ile ya raba alirudi akaingia chumba cha nyuma. Alijikaza kisabuni. Alijiambia kwamba mguu ni ule ule, mama ni yule yule, na yeye ndiye mwenye moyo. Akauweka mguu mapajani, akafungua bandeji ya juu, akafungua ya chini, na shashi ya mwisho ilipobanduka, harufu ikampanda usoni kama mvuke wa sufuria. Hakufika hata mlangoni. Alitapika kwenye beseni la maji safi ya kuoshea, mbele ya yule mama, kisha akatoka akauacha mguu wazi kwenye kiti.

Alikaa uani mpaka mumewe aliporudi. Mume akaufunga mguu ovyo, kama anavyofunga bomba linalovuja, akatoka amekuwa wa rangi ya majivu. Wakaja mawifi. Yule mkubwa alisema labda ni uchovu wa dawa. Yule mdogo alisema, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, kwamba kumbe moyo nao ulikuwa makamasi.

Neno hilo lilimwingia Ulimi kama mwiba, kwa sababu ndilo alilokuwa akijiambia mwenyewe. Miaka sita ya sifa. Hakuwa na moyo kuliko wengine, alikuwa ameziba tu. Mtu asiyeona hasifiwi kwa kutoogopa giza. Alichukia ute uliomdanganya, akaamua kuumaliza mwilini, usibaki hata tone.

Basi akaanza kupita masharti. Aliambiwa tangawizi mara tatu, akanywa mara nane. Aliambiwa chakula cha jioni kiwe chepesi, akakiacha kabisa. Alijitia matone asubuhi, mchana na jioni ilhali siku saba zilikwisha. Alijisugua kwa unga mkavu mpaka ngozi ikawa nyekundu. Aliacha mafuta yote, akala dengu za kukaanga kavu na pilipili, akasukutua kwa chumvi. Wiki tatu hazikuisha, akawa kama kuti kavu. Magoti yalimlia akipanda ngazi. Usingizi, uliokuwa ukimlaza mchana kutwa, ukamkimbia kabisa. Alimfokea mumewe kwa kutafuna. Kila mtu alimnukia, kila kitu kilimchukiza, na hakula mezani na wenzake. Mkwewe alimwona kwa nadra. Mguu ukawa unafungwa na mume mara moja kila siku mbili.

Kisha asubuhi moja, mbele ya vikombe, akapiga funda na ulimi haukusema kitu. Alijaribu tena. Ilikuwa kama kulamba ukuta. Uchachu aliouhisi hata ukizidi kwa unywele, uliompa jina, haukuwepo. Ulimi ulikuwa mkavu, umepasuka katikati. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akamwomba msichana wa maabara ashike nafasi yake, akavuka mji mpaka juu ya duka la miwani bila kuvua koti.

Tabibu alimwangalia akavuta pumzi. Akamwuliza amefanya nini, Ulimi akamweleza yote, na tabibu huyo, ambaye hakuwahi kupandisha sauti, akapandisha.

"Nilikuambia uipunguze. Nani alikuambia uimalize? Kapha si uchafu, dada. Unaonja kwa kitu gani? Kwa ute ulioko kwenye ulimi. Ukiukausha, unaonja hewa. Ulikuwa tope, sasa umekuwa vumbi, na vumbi si afya, ni ugonjwa mwingine."

Akamwandikia mambo ya kurudisha, mafuta ya ufuta ya uvuguvugu mwilini, mchuzi, samli kijiko kimoja, alale mapema, aache matone. Ulimi alisikiliza, kisha akauliza lile lililomleta hasa. Alitaka kujua kama pua inaweza kufungwa tena. Hata nusu. Akaeleza habari ya mguu, na moyo, na neno la wifi mdogo.

Tabibu akakunja kunja kitambaa. Akasema kwamba kufunga pua ya mtu hakusomea. Akasema pia kwamba kukaa na mgonjwa kwa miaka ni kazi ya kapha, ndiyo inayompa mtu kutulia mahali bila kukimbia, na kwamba hiyo nayo Ulimi ameikausha pamoja na mengine. Ikirudi kwenye kipimo, itarudi. Lakini kinyaa hakitaondoka. "Kinyaa ni pua kufanya kazi yake," alisema, "na pua hiyo nimeitibu mimi."

Zilipita siku kumi. Samli ilimchukiza, akaimeza. Usingizi ukarudi, ulimi ukalowa, kikombe kikaanza kusema tena. Siku ya kumi na moja alirudi kutoka kazini, akaoga, akachukua shashi na glavu na mabeseni mawili, moja la kuoshea na moja lake mwenyewe, akaingia chumba cha nyuma.

Mama mkwe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa mwanamke mrefu aliyepungua, mwenye sauti nene ya mtu aliyeuza vitambaa sokoni miaka thelathini. Aliyatazama mabeseni mawili, akaelewa. Ulimi akapiga magoti, akaanza kuomba radhi. Yule mama akamkatiza kwa mkono.

"Kinanuka?" akauliza.

Kwa miaka sita jibu la nyumba nzima lilikuwa moja, hapana mama, hakinuki, na yeye ndiye aliyelisema zaidi ya wote.

"Kinanuka, mama."

"Sana?"

"Sana. Nasikia kutapika hapa nilipo."

Mkwewe aliegemea ukuta, akafumba macho, na Ulimi akadhani amemuumiza. Kumbe alikuwa akishusha pumzi.

"Miaka sita," akasema. "Mimi pua yangu haijaziba hata siku moja, mwanangu. Nalala nacho, naamka nacho. Kila nikiuliza, naambiwa hakinuki. Nikaanza kudhani nina wazimu. Nikikuona umekaa hapo unacheka na mguu huu mapajani, nilikuwa nakuonea kinyaa wewe."

Kicheko kilimtoka Ulimi, kikachanganyika na kutapika, akalishika beseni lake, na mama mkwe akacheka naye mpaka mguu ukatikisika. Ulipotulia, yule mama akamwambia afungue, na amwambie kweli kila anachonusa, kama anavyowaambia watu wa kiwandani.

Akafungua. Alitapika mara moja, akafuta mdomo, akarudi. Akainama juu ya kidonda akiwa ameziba pumzi, kisha akaiachia taratibu, kama anavyofanya na kikombe. Akasema kwa juu kuna nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko. Katikati kuna chuma, hiyo ni damu. Na chini kabisa kuna kitu kitamu, utamu mbaya, kama matunda yaliyolala chini ya kapu. Mkwewe akasema huo utamu ni wa majuzi, zamani haukuwepo. Wakatazamana. Wakabishana kidogo kama ni matunda au ni asali iliyochacha, kila mmoja akikunja pua, na mwishowe wakakubaliana kwamba ni mapapai.

Asubuhi yake walikwenda hospitali. Muuguzi wa vidonda aliposikia habari ya utamu hakucheka, alichukua kipimo, na daktari akabadilisha dawa akasema wamewahi, wadudu wapya walikuwa wameanza kula kuelekea mfupani. Mguu ulibaki. Kidonda hakikufunga, hakikuwa cha kufunga, lakini ule utamu uliisha baada ya wiki mbili, ikabaki nyama na chuma.

Mume alirudisha godoro lake chumbani, akadai mgongo umepona. Wifi mdogo alikuja siku moja akamkuta Ulimi na mabeseni yake mawili, akasimama mlangoni kama dada yake. Ulimi akamwambia aingie, kuna glavu nyingine mezani. Wifi akasema hawezi, atatapika. Mama mkwe akamjibu kutoka kitandani kwamba kutapika kunaruhusiwa, beseni lipo. Aliingia hatua mbili, akatoka. Wiki iliyofuata aliingia hatua tatu, akashika taa.

Yule mama aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo. Kila siku Ulimi alifungua ule mguu, na kila siku, bila kukosa hata moja, tumbo lilimpanda alipofika kwenye shashi ya mwisho. Hakuzoea. Alijaribu kufungua dirisha, alijaribu kupaka karafuu chini ya pua, akaviacha vyote kwa sababu vilimzuia asisikie kama kuna jipya. Alikuwa akigeuza uso pembeni, anameza, anavuta pumzi kwa mdomo, na mkwewe anamsubiri bila haraka, kidole kimeinuliwa, mpaka amwone amegeuka tena.

"Haya," alikuwa akisema. "Leo ni nini?"

Naye Ulimi anamwambia.